Kizingiti cha Mshahara si Kipimo cha Mtu



Jumapili moja ya mwezi wa nane, baada ya kikao cha vijana, tulibaki watu sita au saba chini ya mwembe wa parokia. Dada mmoja mwuguzi, mwenye diploma ya A1, akatoa katika mkoba wake karatasi aliyoiandika kwa mkono. Alikuwa amenakili hesabu: Ujerumani, euro kiasi fulani kwa mwaka, Uingereza, pauni kiasi fulani, Ubelgiji, alama ya kuuliza. Ndiyo mishahara ambayo nchi hizo huidai kabla ya kumpa mgeni viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi na kibali cha kukaa. Chini kabisa alikuwa ameandika mshahara wake wa mwezi hapa Lubumbashi, akauzidisha mara 12, kisha akapiga mstari. Alitutazama, akasema: «Baba katekista, kwa hesabu hizi sisi hatuhesabiwi kuwa watu.»

Siku ile hatukumjibu vizuri. Tulimwambia maneno ya kufariji, naye akayapokea kwa adabu, akaikunja karatasi yake, akaenda zake. Andiko hili ni jibu letu lililochelewa. Tunaliandika kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaobeba karatasi kama ile, mkononi au moyoni. Tunaliandika pia kwa kuwapinga watu wa namna tatu: wanaoweka hesabu hizo na kuziita kipimo cha ujuzi, wanaozifanyia biashara katika mitaa yetu, na sisi wenyewe, ambao tumeanza kujipima kwa mizani ya wengine huku tukiificha mizani ya kwetu.

Kizingiti ni nini

Tuelewe kwanza kabla ya kukasirika. Dada yetu alikosea jambo moja katika hesabu yake. Nchi hizo haziulizi unalipwa kiasi gani hapa Kongo. Zinauliza mwajiri wa kule amekuahidi kiasi gani katika mkataba. Mshahara ulioahidiwa ukiwa chini ya kiasi kilichowekwa, ombi hukataliwa, hata kama diploma ni nzuri na mwajiri anakuhitaji sana. Watu wa sheria wana majina yao ya kukiita kiasi hicho. Sisi tutakiita kizingiti, kwa sababu ndipo mguu wa kijana unapojikwaa.

Katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya kuna kibali kiitwacho Kadi ya Bluu, kwa watu wenye ujuzi wa juu. Sheria yake ya mwaka 2021 inataka kila nchi iweke kizingiti kati ya mara 1 na mara 1.6 ya mshahara wa wastani wa nchi hiyo. Ujerumani, mwaka 2025, ilidai euro 48,300 kwa mwaka, kabla ya makato ya kodi. Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza kufanya kazi akiwa amepita miaka 45, naye si mwenye Kadi ya Bluu, alidaiwa euro 53,130, au athibitishe kwamba ana akiba ya kutosha kwa uzee wake; sisi tuliopita miaka 50 tunajua basi mahali petu. Nchini Ubelgiji mambo yamegawanyika: Flanders, Wallonia na Brussels, kila jimbo huweka kizingiti chake na kukibadili mwaka kwa mwaka. Ndiyo maana dada yetu aliandika alama ya kuuliza. Uingereza, tangu Julai 2025, hudai pauni 41,700 kwa kazi nyingi, ingawa wauguzi na walimu hupimwa kwa ngazi za mishahara ya kazi zao, ambazo zaweza kuwa chini ya hapo.

Haki tunayopaswa kuwapa

Hatutaki kupigana na mtu bila kumsikiliza. Wanaotetea kizingiti wana hoja mbili, na zote mbili zina uzito. Ya kwanza: mwajiri mwenye tamaa asilete wageni wa bei rahisi ili kuwashusha mishahara wenyeji. Ya pili: mgeni mwenyewe asidanganywe, akafanya kazi ya mtu mzima kwa malipo ya mtoto.

Sisi watu wa Katanga hatuwezi kuzicheka hoja hizo. Mwaka 1910 ilianzishwa hapa kwetu Bourse du Travail du Katanga, iliyokuwa na kazi ya kutafuta vibarua kwa ajili ya machimbo na reli. Babu zetu walitolewa mbali, wakapelekwa mahali ambapo hawakuwa na ndugu wala mtetezi, na bei ya jasho lao ilipangwa na yule aliyelihitaji. Laiti siku zile ingalikuwapo sheria ya kumwambia mwajiri: «Usimlete mgeni kama huna nia ya kumlipa vema!» Tena nchi yetu nayo ina tume yake ya taifa ya ajira ya wageni, na mgeni hawezi kufanya kazi hapa bila kadi ya kazi. Kila nyumba ina mlango, na mwenye nyumba ana haki ya kujua anayeingia.

Basi hatusemi kwamba kizingiti kiondolewe chote. Tunasema kwamba kilichowekwa ili kumlinda mtu kimegeuzwa kuwa chekeche la kuchuja watu. Tena wenye chekeche wanataka tuamini kwamba kinachopita ndicho chenye thamani na kinachobaki ni makapi. Hapo ndipo tunapokataa.

Mizani inayohamahama

Tazameni Uingereza. Hadi mwanzoni mwa Aprili 2024, kizingiti cha kawaida kilikuwa pauni 26,200 kwa mwaka. Tarehe 4 Aprili kikapanda hadi 38,700. Tarehe 22 Julai 2025 kikafika 41,700. Katika miezi 15 tu, mfanyakazi ambaye jana aliitwa mwenye ujuzi, leo haitwi tena hivyo. Mikono yake imepungua nini? Diploma yake imefutika? Mwajiri wake ameacha kumhitaji? Hakuna hata kimoja. Serikali ya wakati ule ilisema wazi, Desemba 2023, kwamba ilitaka kupunguza idadi ya wahamiaji. Hayo ni maneno ya kweli, na tunayaheshimu kuliko unafiki. Lakini basi waseme hivyo hadi mwisho: kizingiti ni bomba la kupunguza maji, hakipimi ujuzi wa mtu.

Tazameni na Ujerumani. Kando ya ile hesabu ya euro 48,300 kulikuwa na hesabu nyingine ya chini, karibu euro 43,760, kwa kazi zenye upungufu wa watu, kama vile uhandisi, uganga, uuguzi na ualimu, na pia kwa waliohitimu karibuni. Yaani pale wanapokosa mikono, kizingiti hushuka, wakiipata, kitapanda. Hakuna ubaya kwa nchi kusema inahitaji nini. Lakini mtu asimwambie kijana wetu kwamba hesabu inayopanda na kushuka kwa mahitaji ya mwenye mlango ndiyo kadiri ya thamani yake. Bei ya mahindi hupanda na kushuka sokoni namna hiyo. Mtu si gunia la mahindi.

Jambo la pili. Mshahara wa wastani wa nchi tajiri huvutwa juu na benki, na viwanda vikubwa, na kampuni za programu za kompyuta. Anayemwosha bibi kizee saa nane za usiku, anayemlisha mgonjwa asiyeweza kushika kijiko, hao wako chini ya wastani huo, kwa sababu jamii zote, pamoja na ya kwetu, zimezoea kuziita kazi hizo ndogo. Februari 2022, Uingereza ilipokosa watu wa kuwatunza wazee wake, iliwafungulia mlango watunzaji kutoka nje. Tarehe 11 Machi 2024 ikawaambia watunzaji wapya: njooni, lakini bila mke, bila mume, bila watoto. Tarehe 22 Julai 2025 ikaufunga kabisa mlango huo kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Wazee hawakupona kati ya tarehe hizo. Bado wanahitaji kuoshwa.

Mwiba wa familia

Hapo juu tumegusa jambo linalotuuma kuliko yote, nalo ni familia.

Union Minière haikuwa shirika la huruma. Hata hivyo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni hiyo iligeuza mwendo wake: ikapendelea mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu wafanyakazi waje na wake zao, ikajenga nyumba za familia katika kambi. Ilifanya hivyo kwa hesabu ya faida: iliona kwamba mtu aliyetengwa na mke na watoto wake hukimbia, huugua, hufa mapema. Wakoloni waliotutawala kwa kiboko walikuja kuelewa, walau kwa ajili ya mifuko yao, kwamba mfanyakazi huja na watu wake. Leo, karibu miaka 100 baadaye, nchi zinazofundisha ulimwengu haki za binadamu zinamwambia mama mtunzaji aache watoto wake nyumbani ili akawatunze wazazi wa wengine.

Na familia nayo imewekewa bei. Mwaka 2012 Uingereza iliamua kwamba raia wake, au mgeni mwenye makazi ya kudumu, anayetaka kumleta mke au mume kutoka nje, awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 kiasi hicho kikawa 29,000. Ubelgiji, tangu sheria ya mwaka 2011, nayo ilidai kipato kilichopimwa kwa asilimia 120 ya msaada wa chini ambao serikali humpa mtu asiye na kitu. Kwa hiyo fundi bomba aliyefunga ndoa halali anaweza kukosa kuishi na mkewe, wakati mwenye benki hana shida hiyo. Ndoa ni ileile, ahadi ni ileile.

Msifikiri kwamba ni sisi tu wa upande wa kusini tunaoona ubaya huo. Tarehe 4 Machi 2010, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, huko Luxembourg, ilihukumu kesi iliyotoka Uholanzi kuhusu mambo ya kuunganisha familia. Ilisema kwamba nchi inaweza kutaja kiasi cha kipato kama kielelezo, lakini haiwezi kukataa ombi kwa sababu tu kiasi hicho hakikufikiwa, bila kuangalia hali ya kila mtu. Majaji wa Ulaya wenyewe, basi, walikiri tunayoyasema: nyuma ya tarakimu kuna mtu, na mtu huyo lazima atazamwe.

Kamba shingoni

Kuna na jambo ambalo wengi wenu hamlijui, kwa sababu waliokwenda hawalitumi kwa simu pamoja na picha za theluji. Kizingiti hakiishii mlangoni. Kinakufuata ndani ya nyumba. Huko Uingereza, mwenye viza ya kazi akipoteza ajira, kwa kawaida hupewa siku 60 apate mwajiri mwingine aliyeidhinishwa au aondoke. Katika Kadi ya Bluu ya Ulaya, sheria humpa miezi 3 bila kazi, au 6 ikiwa ameishika kadi hiyo miaka miwili au zaidi. Na zile pauni 41,700 hazipunguzwi kwa mtu anayetaka kufanya kazi nusu siku. Mama aliyejifungua, akitaka kupunguza saa ili amlee mtoto, huenda akaangukia chini ya kizingiti.

Fikirini maana yake. Mfanyakazi anayejua kwamba kibali chake kimefungwa kwenye mshahara wake, na mshahara wake uko mkononi mwa mtu mmoja, atalalamika akitukanwa? Atakataa saa za ziada zisizolipwa? Sheria iliyosema inamlinda asinyonywe imempa anayetaka kumnyonya kamba ya kumshikia.

Tumekwisha kupimwa zamani

Wazee wetu waliishi jambo hili kwa sura nyingine. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa ya uraia, carte du mérite civique, na mwaka 1952 ikaweka utaratibu wa kuandikishwa, immatriculation, kwa Mkongomani aliyetaka kuhesabiwa kuwa amestaarabika. Wakaguzi waliingia nyumbani. Waliangalia jinsi familia inavyokula, nyumba ilivyo, mke ameelimika kiasi gani, baba anazungumza Kifaransa namna gani. Waliopata kadi walikuwa wachache mno. Na wengi wa hao wachache waligundua kwamba hata kadi haikuwafungulia milango waliyoahidiwa.

Ubaya mkubwa wa kadi ile haukuwa kwamba wengi waliikosa. Ubaya ulikuwa kwamba watu wenye akili, walimu na makarani, walianza kuwatazama ndugu zao kwa macho ya mkaguzi. Tunaliogopa jambo hilo leo. Tunawasikia vijana wakisema katika mikutano: «Fulani amepita,» kana kwamba tunazungumza juu ya watakatifu na waliopotea. Aliyekwenda Ulaya anapewa kiti cha mbele harusini. Aliyebaki kufundisha darasa la tatu, mbele ya watoto 60, anaulizwa bado anangoja nini.

Katika mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum, alifundisha kwamba mshahara lazima utoshe kumlisha mfanyakazi mwenye maisha ya kiasi, hata kama yeye mwenyewe alikubali kidogo kwa sababu ya shida. Mwaka 1981 Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na kwamba mtu ana haki ya kuondoka nchini mwake kutafuta maisha bora, ingawa nchi inayoachwa hupoteza. Mshahara, katika mafundisho hayo, ni deni ambalo mwajiri analo kwa mtu. Kizingiti kimeyageuza mambo: sasa mshahara ndio unaotoa ushahidi kama mtu anastahili kuwapo.

Tunachodai

Watatuuliza: «Basi mnataka milango yote iachwe wazi?» Hapana. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba mgeni akikaa lazima afanye kazi. Lakini hawakuuliza jembe lake litaleta debe ngapi kabla ya kumkaribisha, wala hawakumwambia alime huku watoto wake wakibaki porini. Na walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nchi zinazozeeka, ambazo hospitali zao zinasimama kwa mikono ya wageni, zingefaa kuitafakari methali hiyo.

Madai yetu ni matatu. Kwanza, mgeni alipwe sawa na mwenyeji anayefanya kazi ileile mahali palepale, na hapo ulinzi wote uliokusudiwa utapatikana. Wastani wa nchi nzima usiwe fimbo ya kumfukuzia mtu mwenye kazi halali na mshahara halali. Pili, mwenye kibali cha kazi aruhusiwe kuishi na mwenzi wake na watoto wake. Tatu, apewe muda wa kutosha na uhuru wa kubadili mwajiri, ili asiwe mateka.

Wafanyabiashara wa tarakimu

Sasa tuje mtaani kwetu. Kijana mmoja tunayemfahamu, fundi umeme, aliletewa mkataba na komisionere. Mshahara ulioandikwa ulivuka kizingiti kwa pauni chache tu. Ulikuwa umeshonwa kwa kipimo kama suruali. Mama yake aliuza kiwanja walichoachiwa na marehemu baba. Mkataba ulikuwa wa uongo, kampuni haikuwapo, komisionere akahama mtaa. Kijana huyo sasa hupita njia ya nyuma ili asikutane na mama yake akitoka sokoni.

Vijana, yashikeni haya. Orodha ya waajiri walioidhinishwa na serikali ya Uingereza iko wazi kwenye intaneti, na kuisoma hakulipiwi hata faranga moja. Mwajiri wa kule haruhusiwi kukutoza ada ya cheti cha udhamini anachokutolea. Na ninyi wauguzi, fahamuni kwamba nchi yetu imo katika orodha ya mwaka 2023 ya Shirika la Afya Duniani, yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya; kwa kanuni za Uingereza, wakala haruhusiwi kuja kuwasaka wauguzi katika nchi hizo, ingawa muuguzi mwenyewe anaweza kuomba kazi kwa hiari yake. Basi anayekuja kwenu na kusema ametumwa kukusanya wauguzi, mkubali au mkatae, lakini jueni kwamba jambo la kwanza alilofanya ni kuvunja kanuni.

Na kuna wale wanaowashauri mkubali mshahara wa karatasi: mkataba uonyeshe kiasi kikubwa, kisha kila mwezi mrudishe sehemu kwa siri. Huo ni utumwa wenye sahihi yako mwenyewe. Siku utakapotaka kumshitaki, karatasi itasema ulilipwa vizuri.

Kizingiti chetu wenyewe

Tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapo. Ukweli ni kwamba kijana wetu hajikwai kwanza katika kizingiti cha Ulaya. Amekwisha kujikwaa hapa.

Februari 2004, huko Mbudi, Kinshasa, serikali yetu ilitia sahihi mapatano na vyama vya watumishi wa serikali. Mtumishi wa ngazi ya chini kabisa, tarishi wa ofisi, alipaswa kufikia dola 208 kwa mwezi. Zaidi ya miaka 20 imepita, na vyama vingali vikiidai sahihi hiyo. Mwaka 2018 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kuwa faranga 7,075 kwa siku. Kwa siku zile hazikufika dola 5. Kilikaa hivyo miaka saba, huku bei ya unga haikukaa, hadi kilipopandishwa mwaka 2025 kuwa 14,500. Sisi tuliosomea ualimu tunajua miaka ambayo mshahara wa mwalimu ulitoka katika mifuko ya wazazi, na mtoto ambaye baba yake hakulipa alirudishwa nyumbani na mwalimu aliyempenda.

Lakini serikali si peke yake. Ipo shule ya binafsi, hatuitaji, ambayo mwenyewe hupiga kelele dhidi ya ubaguzi wa Wazungu, naye hana budi kukumbushwa mishahara ya miezi mitatu. Yapo mabibi na mabwana wa kanisa wanaompa msichana wa kazi za nyumbani chakula na nguo za zamani, na kuuita huo wema. Yupo mlinzi wa usiku anayelinda gari ambalo gurudumu lake moja linazidi mshahara wake wa miezi miwili. Tunawauliza wenzetu hao, na tunajiuliza sisi: tukisema London inampima mtu kwa pesa, sisi tunampima kwa nini? Nchi za wengine zimeweka kizingiti juu mno, mgeni asiingie. Sisi tumekishusha mno, mwenyeji akaona ni heri atoke.

Ndiyo sababu hatuwaambii vijana: «Msiende.» Nani kati yetu ana uso wa kusema hivyo? Anayemkataza kijana kuondoka na hamlipi akibaki, huyo anataka mfungwa.

Dada yetu mwuguzi bado anataka kwenda. Ameanza kujifunza Kijerumani jioni, na ameuliza njia halali ya kutambuliwa kwa diploma yake. Tutamwandikia barua ya ushuhuda akiihitaji. Huenda atafaulu, huenda atabaki nasi. Tunamwomba jambo moja tu: sentensi ile aliyoisema chini ya mwembe asiirudie tena, wala hapa Lubumbashi, wala huko aendako, hata siku atakapokuwa na mshahara unaovuka kila kizingiti na kukutana na mwingine ambaye wake haujavuka.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Je, tunawatazamaje ndugu zetu waliojaribu kwenda nje wakashindwa? Tunawapokea namna gani?

2. Katika nyumba zetu, maduka yetu na shule zetu, ni nani anayelipwa chini ya haki yake? Tufanye nini kabla ya mwezi kuisha?

3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini ili kijana asiangukie mikononi mwa komisionere wa uongo?